Mshairi Aliyesimama Mtaa wa H

Washington ni mji wa majenerali waliopanda farasi. Anayejulikana kuliko wote ni Andrew Jackson, rais wa 7 wa Marekani, aliyewekwa katika Uwanja wa Lafayette, mkabala na Ikulu. Sanamu yake ya shaba, kazi ya Clark Mills, ilizinduliwa mwaka 1853. Farasi amejiinua, uzito wote umeangukia miguu miwili ya nyuma, hana kiegemeo. Jackson alimiliki watumwa Waafrika, na mtu wa kwetu hapiti pale na moyo mwepesi.

Kaskazini mwa uwanja huo unapita mtaa wa H. Ufuate kuelekea magharibi mpaka unapokutana na mtaa wa 22, katika eneo la Chuo Kikuu cha George Washington. Hapo, tangu mwaka 2000, amesimama Alexander Pushkin, mshairi wa Urusi. Hakupanda chochote. Farasi aliyemfanyia mchongaji Alexander Burganov yuko juu ya nguzo, ana mbawa, na mgongoni hana mtu.

Imefaa sana, kwa sababu Pushkin ndiye aliyewafundisha Warusi kumwogopa farasi wa shaba. Mjini St. Petersburg ipo sanamu ya Mfalme Petro Mkuu, iliyochongwa na Mfaransa Falconet na kuzinduliwa mwaka 1782. Farasi wake amepanda jabali, amemkanyaga nyoka. Mwaka 1833 Pushkin aliitungia utenzi. Karani maskini, Yevgeny, anampoteza mchumba wake katika mafuriko ya mwaka 1824, akili inamruka, anaikunjia ngumi sanamu ya mfalme aliyejenga mji kandokando ya maji. Sanamu inashuka na kumfukuza mitaani usiku kucha. Mfalme Nikolai wa Kwanza aliukagua utenzi huo mwenyewe, na Pushkin alikufa mwaka 1837 kabla haujachapishwa wote.

Tena Petro huyohuyo ndiye aliyemlea babu wa mama yake Pushkin. Abram Gannibal alikuwa mtoto wa Kiafrika aliyetekwa, akapelekwa Istanbul, kisha Urusi. Wengine husema alitoka Uhabeshi, wengine karibu na Ziwa Chad. Petro alimsimamia ubatizo, akamsomesha, naye akafikia cheo cha jenerali. Pushkin alijivunia damu hiyo, akaanza hata riwaya juu ya babu huyo, asiimalize.

Basi ukifika Washington, ukishapigwa picha mbele ya Ikulu, ushike mtaa wa H. Ni mwendo wa chini ya nusu saa kwa miguu.