Jumatatu ya Mchungaji: Mwili Unapodai Haki Yake

Jumapili jioni, ibada zikiwa zimekwisha, wachungaji wengi hupatwa na jambo wasilopenda kulisema. Asubuhi walihubiri kwa nguvu, waumini wakaitikia, wagonjwa wakaombewa. Jioni moyo unazama. Aliyewatia wenzake matumaini anaanza kujiuliza kama kazi yake ina maana yoyote. Wengi huona aibu wakidhani imani yao imepungua. Sayansi ina maelezo mengine.

Kuhubiri ni kazi ya mwili mzima. Ubongo unapotambua kwamba jambo zito liko mbele, tezi ndogo zilizokaa juu ya figo humwaga homoni za adrenalini na kotisoli kwenye damu. Moyo huenda mbio, sukari hupanda, uchovu hausikiki. Mwenye ibada mbili au tatu huishi hivyo tangu alfajiri, mara nyingi baada ya usiku mfupi wa maandalizi. Shughuli ikiisha, mwili hushuka kutoka kilele hicho na uchovu wote hujitokeza kwa pamoja. Archibald Hart, mwanasaikolojia mzaliwa wa Afrika Kusini aliyefundisha katika seminari ya Fuller huko California, aliwaeleza wachungaji kwamba huzuni ya namna hii mara nyingi ni mwili unaojirekebisha. Kwa hiyo Jumatatu si siku ya kuandika barua ya kujiuzulu.

Kuna pia mzigo wa hisia. Mwaka 1983 mwanasosholojia Arlie Hochschild, aliyekuwa amewachunguza wahudumu wa ndege, alionyesha kuwa kuzitawala hisia zako kwa ajili ya wengine ni kazi yenye gharama. Mchungaji hufariji wafiwa, hufurahi na maharusi, kisha hupatanisha wanandoa, pengine yote katika siku moja. Kila mahali anatakiwa kuwa na uso unaofaa.

Hata wahubiri mashuhuri hawakuepuka huzuni. Tarehe 19 Oktoba 1856, Charles Spurgeon akiwa na umri wa miaka 22, mtu alipiga kelele za uongo kwamba kuna moto katika ukumbi wa Surrey Gardens, London, alimokuwa akihubiri. Watu saba walikufa katika msukumano. Spurgeon aliandamwa na huzuni kubwa kwa miaka mingi. Baadaye aliwafundisha wanafunzi wake kwamba kuvunjika moyo huweza kumjia mtumishi hata baada ya ushindi, na kwamba pumziko ni sehemu ya utumishi.

Uchovu wa Jumatatu hupita. Hatari ni pale usipopita. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke waliwahoji wachungaji wa Kimethodisti katika jimbo la North Carolina, Marekani. Asilimia 8.7 ya waliohojiwa kwa simu walikuwa na dalili za sonona, huku kiwango cha Wamarekani kwa jumla kikiwa asilimia 5.5. Mtafiti Christina Maslach, aliyetunga pamoja na mwenzake kipimo cha uchovu wa kazini mwaka 1981, alitaja alama tatu: kuishiwa nguvu za moyo, kuwaona watu kama usumbufu, na kuhisi hufanikishi lolote. Mchungaji anayeziona kwake majuma kwa majuma, au anayekosa usingizi na kutamani kufa, amwone daktari au mshauri nasaha. Maombi na matibabu hayagombani.

Je, nguvu hurudije? Mwaka 2007 watafiti Sabine Sonnentag na Charlotte Fritz walitaja mambo manne yanayomrejesha mfanyakazi: kuiondoa kazi akilini, kutulia, kufanya jambo jingine linalokupa ustadi, na kuwa na uhuru wa kupanga muda wako. Kwa mchungaji, hiyo ni simu kushikwa na mzee wa kanisa kwa siku moja, usingizi wa kutosha, matembezi, palizi shambani, na mazungumzo na rafiki asiyemwita kwa cheo. Kukaa kitandani huku unajibu ujumbe wa kundi la kwaya si kupumzika, kwa sababu akili bado iko kazini.

Wanaosoma Biblia wanalijua tayari jambo hili. Baada ya ushindi wa mlima Karmeli, nabii Eliya alikimbilia jangwani akaomba afe. Kabla ya kupewa kazi mpya alilala, akala, akanywa, akalala tena.

Lakini mchungaji hawezi kujipa siku ya mapumziko peke yake ikiwa usharika unaihesabu kuwa uvivu. Wazee wa kanisa, pangeni zamu za mazishi na wagonjwa, itajeni siku yake ya kupumzika mbele ya waumini, kisha iheshimuni. Nawe muumini, kama shida yako inaweza kungoja hadi Jumanne, usipige simu Jumatatu. Anayewabeba wengi naye ana mwili, na mwili huo una haki ya kupumzika.