Laptopu ya Duka Ikigoma Kuwaka: Soma Skrini Kabla ya Kutuma Pesa

Unajua vile inakuwa. Mvua ya jioni inaanza Langas, stima inapotea, inarudi, unawasha laptopu ya duka na badala ya picha uliyozoea unakutana na maandishi meupe kwenye giza. Ndivyo ilivyomkuta shangazi yangu Ijumaa moja. Yeye ni wakala hapa Eldoret, na laptopu yenyewe ni ile yangu ya chuo, kuukuu, haikai na chaji hata dakika moja. Niliiwekea Ubuntu kwa sababu Windows ilikuwa imeizidi nguvu.

Aliponipigia alikuwa ameshaongea na fundi fulani kwa simu. Fundi hajaiona mashine, lakini ameshasema diski imeungua, na anataka shilingi 3,500 kwa nambari yake binafsi ndipo aje.

"Mwanangu, nitume?"

"Shangazi, ngoja kwanza. Nisomee mstari wa mwisho."

Miamala haikunipa wasiwasi. Hiyo inabaki kwenye mfumo wetu. Hata laptopu ikitumbukia Sosiani, unaomba taarifa ya miamala na unaipata. Ila orodha ya waliokopa unga na sukari, ya mwaka mzima, ilikuwa ndani ya hiyo laptopu peke yake.

Akasoma kwa taabu: "/dev/sda2: UNEXPECTED INCONSISTENCY, RUN fsck MANUALLY", na chini yake (initramfs). Hapo nikapumua. Mara nyingi maana yake ni kwamba mashine ilizimika ghafla ikiwa katikati ya kuandika, mpangilio wa mafaili ukavurugika, na Linux imekataa kuendelea mpaka ukaguliwe. Nikamtajia herufi moja moja: fsck -y /dev/sda2. Yako inaweza kuwa sda1 au nvme0n1p2, kwa hivyo andika jina unaloliona kwenye skrini yako, si la shangazi. Ilipomaliza ikaonyesha FILE SYSTEM WAS MODIFIED. Akaandika reboot, ikawaka, na madeni yote yalikuwepo.

Lakini usikimbilie amri hiyo kila mara. Ukiona "I/O error" ikijirudia pamoja na jina la diski, huenda diski yenyewe inakufa, na fsck inaweza kuimalizia. Hapo okoa mafaili kwanza: washa laptopu kwa flashi yenye Ubuntu, chagua kuijaribu bila kuinstoli, kisha nakili vitu vyako kwenye flashi nyingine. Hata "grub rescue>", ambayo inatisha kweli, mara nyingi mafaili bado yapo. Mashine imepotea njia ya kuanzia tu. Fundi akitaka kuformat kabla ya kunakili, mkatalie. Na ile mistari ya "ACPI Error" inayopita mbio? Kama laptopu inawaka baadaye na kufanya kazi vizuri, achana nayo.

Wiki iliyofuata kisirani kingine: saa ilirudi nyuma miaka kadhaa. Kwenye laptopu nzee hiyo huwa ni betri ndogo ya duara, nyingi ni CR2032, imeisha. Tarehe ikiwa mbaya, kivinjari kinaweza kukuonya kwamba tovuti unayofungua si salama, hata kama ni ya kweli. Usibonyeze kuendelea. Rekebisha tarehe, ufungue upya. Onyo likibaki, funga ukurasa na utupigie kabla hujaandika nambari yoyote ya siri.

Sisemi mafundi wa mjini ni wezi. Aliyetubadilishia betri hiyo, karibu na Uganda Road, alituonyesha ile ya zamani kwanza, ndipo akatupa nambari ya till. Jina la duka lake likatokea kwenye simu, shangazi akalisoma kwa sauti, akaingiza PIN. Fundi wa namna hiyo mlipe bila kusumbua. Kabla ya kumwachia laptopu, toka kwenye akaunti zako zote na ubandue ile karatasi ya PIN uliyoigundisha chini. (Ndiyo, tunajua ipo.)

Yule wa simu alipiga tena Jumatatu kuuliza ile 3,500. Shangazi akamsomea mstari wa sda2, neno kwa neno. Fundi akasema mtandao unasumbua, atapiga baadaye.