Taa zimepauka, Kitonga ni ileile

Lori likiharibika usiku katika mlima Kitonga, mara nyingi utingo hashuki na pembetatu ya kuakisi mwanga, maana hana. Anashuka na panga. Anakata matawi mabichi kando ya barabara, anayatandaza kwenye lami nyuma ya tela, kisha anarudi ndani kujifunika blanketi. Wewe unayepanda kutoka Ruaha Mbuyuni ndiye unayetakiwa kuyaona, na mapema, kwa sababu upande mmoja una mwamba na wa pili una korongo.

Mlimani angalau mwendo ni mdogo. Matawi hayohayo utayakuta baada ya Ilula, au kwenye nyoofu ya Chimala na Igurusi, ambako watu hukanyaga mafuta. Kwa kilomita 80 kwa saa, gari hukata mita 22 kila sekunde. Dereva mzima, asiye na usingizi, huchukua sekunde moja na nusu hivi kutambua jambo na kufikisha mguu kwenye breki. Mita 33 zimeshakwenda kabla gari halijaanza hata kupunguza mwendo. Sasa mpe dereva huyo Toyota IST ya 2004 ambayo taa zake za mbele zimekuwa za njano.

Na magari ya namna hiyo ndiyo tuliyonayo. Simama Kabwe pale Mbeya au Mashine Tatu pale Iringa kwa nusu saa uhesabu IST, Noah, Spacio na Carina zitakazopita. Ile IST ya toleo la kwanza ilitengenezwa kuanzia 2002 hadi 2007, kwa hiyo hata iliyo changa kabisa inakaribia miaka 20. Injini bado inavuta, bodi imepigwa rangi upya, viti vimevalishwa vitambaa, redio inatikisa milango. Taa zimepauka, na mwenye gari ameshazizoea.

Mwenye Land Rover ya zamani, ile yenye taa za duara za inchi 7, haijui shida hii. Kioo chake ni kioo kweli. Kikigongwa na jiwe kinapasuka, lakini jua halikifanyi kitu. Magari yalianza kuachana na kioo katika miaka ya 1980. Marekani iliruhusu taa za umbo lolote mwaka 1983, na Lincoln Mark VII ya mwaka 1984 ikawa gari la kwanza kuuzwa nazo huko. Kioo kikaipisha plastiki iitwayo polikaboneti. Ni nyepesi, haivunjiki ovyo, inakunjika kufuata umbo la bampa na boneti. Ina udhaifu mmoja mkubwa: miale ya urujuanimno ya jua huila. Ndiyo maana kiwandani hupakwa ngozi nyembamba, ngumu, ya kuizuia miale hiyo. Ngozi hiyo ikikwanguliwa na vumbi na matambara ya kuoshea, plastiki inabaki uchi.

Hapo ndipo Nyanda za Juu Kusini zinapowadanganya watu. Tunavaa sweta, tunalalamikia baridi ya Juni, tunadhani jua kali ni la Dar es Salaam. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba kila ukipanda mita 1,000, miale ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10. Mji wa Iringa uko mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari, Mbeya 1,700 hivi. Gari linaloshinda limeegeshwa Mwanjelwa chini ya anga jeupe la Agosti linaungua taa huku mwenyewe akijipulizia mikono. Ongeza vumbi la ujenzi wa njia nne kati ya Nsalaga na Ifisi, halafu kijana wa kuosha magari anayelifuta vumbi hilo likiwa kavu, kwa tambara lililokwisha kufuta matairi.

Hasara yake imepimwa. Mwaka 2018 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilitangaza matokeo ya vipimo vyake: taa iliyofubaa inaweza kutoa kama asilimia 20 tu ya mwanga wa taa mpya. Zikisafishwa vizuri, zilirudi hadi asilimia 70 hivi. Kwa hiyo kusafisha kunafaa, ila si kila kinachoitwa kusafisha.

"Shikamoo mzee. Taa hizo nikupigie?"

"Marahaba. Shilingi ngapi?"

"Ya soda tu, mzee wangu."

Kijana anatoa dawa ya meno. Nayo inafanya kazi kweli, kwa sababu ndani yake mna chembe laini za kusugua, zilezile zinazosugua meno. Baada ya dakika kumi taa inameta na mzee anafurahi. Lakini kile kidogo kilichobaki cha ngozi ya kiwandani kimeondoka pamoja na uchafu, na baada ya wiki chache njano inarudi ikiwa imekolea kuliko jana. Wengine hupaka mafuta ya taa. Haya hayasafishi chochote, yanajaza tu mikwaruzo mpaka mvua ya kwanza. Wapo pia wanaotumia dawa ya kujipaka kufukuza mbu, na hiyo ndiyo mbaya kuliko zote: ile yenye kemikali ya DEET huyeyusha uso wa plastiki. Taa inang'aa kwa sababu inayeyuka.

Fundi rangi anayeijua kazi hufanya tofauti, na ukipata nafasi ya kumwangalia, mwangalie. Kwanza anazungushia taa utepe wa karatasi na gazeti kuukuu ili asikwaruze bodi (huenda ukurasa huu nao ukaishia hapo, na si vibaya). Anachukua msasa wa maji, namba 400 au 600 kama njano imezama, anauloweka kwenye ndoo yenye sabuni kidogo, anaanza kusugua kwa mstari mmoja kutoka kushoto kwenda kulia. Maji yanayochuruzika kwenye bampa huwa ya manjano mwanzoni. Hiyo ni ngozi ya zamani inatoka. Yakigeuka meupe matupu, anahamia namba 1000, kisha 2000, sasa akisugua kutoka juu kwenda chini ili aone kama mikwaruzo ya kwanza imefutika.

Katikati ya kazi hiyo taa huwa mbaya kuliko ilivyokuja. Imekuwa nyeupe, haionyeshi ndani. "Fundi, umeniharibia!" Wenye magari wengi husema hivyo. Fundi hajibu, anachota maji kwa kiganja na kuyamwaga juu ya taa. Kwa sekunde mbili tatu taa inakuwa angavu kabisa, unaona balbu, unaona kila kitu. Maji yamejaza mikwaruzo midogo, mwanga ukapita. Kisha yanachuruzika na weupe unarudi.

Hiyo kazi iliyofanywa na maji kwa sekunde tatu ndiyo inayotakiwa kufanywa na klia, ile rangi angavu ya kupuliza juu, kwa mwaka na zaidi. Na hapa ndipo ninapogombana na mafundi wengi wa mikoa hii miwili: wanapiga msasa, wanapiga polishi, wanapokea pesa, wanaishia hapo. Taa inapendeza, picha ya kuuzia gari inapigwa, Wiki ya Nenda kwa Usalama inapita na stika inabandikwa kwenye kioo. Plastiki imebaki uchi kuliko mwanzo. Ukienda kwa fundi, muulize swali moja kabla ya bei: utapuliza klia? Awe na klia ya gari yenye hadina yake, ile dawa ya kuigandisha, si ile ya kopo la kupakia milango. Kabla ya kupuliza aifute taa kwa spiriti. Asiguse tina, kwa maana tina huitia polikaboneti nyufa ndogondogo zisizotoka tena. Apulize mara mbili, nyembamba, kabla ya saa sita mchana, kwa sababu jioni za Julai klia haikauki vizuri. Na avae barakoa. Hadina ina kemikali zinazoharibu mapafu, jambo ambalo vijana wetu wa gereji hulichukulia kama utani.

Kuna taa ambazo msasa hauzisaidii. Washa, tazama ndani. Kama ile rangi ya fedha nyuma ya balbu imebabuka au imeungua, taa imekufa hata uso wake ukiwa safi kama maji ya Kiwira. Wapo wanaobandika humo karatasi ya foili. Inang'aa, lakini mwanga hauendi barabarani, kwa sababu kilichokuwa kikiuelekeza ni lile umbo, lililopimwa kwa uangalifu mkubwa. Hapo nunua taa nyingine, na ununue mbili.

Ukinunua, jihadhari na inakotoka. Japani wanaendesha kushoto kama sisi, hivyo taa iliyotumika Japani inafaa moja kwa moja. Dubai wanaendesha kulia, na spea nyingi zilizotumika hupitia huko. Taa ya gari la kulia humulika juu zaidi upande wa kulia ili kuonyesha ukingo wao wa barabara. Ukiifunga kwenye Noah yako, ule upande wa juu unaingia machoni mwa anayekuja. Taa hukaa vizuri, skrubu hukubali, muuzaji huapa kwamba ni yenyewe. Geuza gari litazame ukuta usiku, washa dimu: mstari wa mwanga unatakiwa upande juu upande wa kushoto. Ukipanda kulia, rudisha.

Balbu za LED za kuchomeka kwenye taa iliyoundwa kwa halojeni ni kesi ileile. Mwenye taa za njano huona kwamba dawa ni kuongeza nguvu. Lakini plastiki iliyopauka hutawanya mwanga kila upande, basi anachoongeza ni kumpofusha mwenzake. Tangu Oktoba 2023, mamlaka ya usafiri wa ardhini, LATRA, iliporuhusu mabasi kusafiri usiku kucha, huyo mwenzake mara nyingi ni dereva wa basi lililojaa watu. Na ukungu wa kweli ukishuka, pale Sao Hill au Isyonje ukielekea Tukuyu, mwanga wote uliotawanyika juu unakurudia wewe.

Mwisho ni kuzipima, kazi ambayo haigharimu kitu. Weka gari mita 10 kutoka ukutani, mahali tambarare. Mwanga wa dimu ukatike kama sentimita 10 chini ya kimo cha taa zenyewe. Nyuma ya taa kuna skrubu za kuupandisha na kuushusha. Pima ukiwa na upepo wa kutosha kwenye matairi na mtu mmoja ndani. Kwa wale wanaoshuka Uporoto alfajiri na magunia ya viazi yamepangwa mpaka darini, nyuma ya Noah imelala na pua imetazama mawingu, magari mengi ya Japani yana kitufe kidogo cha kuzungusha karibu na usukani, kimeandikwa 0 hadi 3. Wengi hawajawahi kukigusa tangu walinunue gari. Kizungushe kwenye 2 au 3 kabla hujaondoka, na ukishashusha viazi Uyole ukirudishe 0.