MATANGAZO YA MOJA KWA MOJA: TUCHAGUE NJIA KWA KAZI YAKE



Siku hizi katika matawi yetu, Gitega na Muyinga, linasikika shauri moja: "Mkutano tuutangaze moja kwa moja kwenye intaneti." Sababu zake zinaeleweka. Njia ya kutoka Gitega kupitia Karuzi hadi Muyinga ni ndefu, na upungufu wa mafuta ya gari wa miaka hii umefanya safari kuwa ya taabu na ya gharama. Chama kinachongoja gari huchelewa kumtetea mwanachama wake.

Lakini simu ni chombo cha kazi kama vyombo vingine. Jembe halikati kuni, na shoka halipalilii. Kabla ya kuwasha kamera, kamati ya tawi ijiulize: mkutano huu tunataka ufanye nini? Utangaze, ufundishe, ushauriane au uamue? Kila kazi ina njia yake, na njia isiyofaa inaweza kumkosesha mtu kibarua chake.

1. Kutangaza

Sherehe za tarehe 1 Mei, au tamko la chama kwa umma, ni mambo tunayotaka yaonwe na kila mtu: wafanyakazi, waajiri na serikali. Hapa picha na sauti mbele ya wote, kwa njia ya Facebook au YouTube, zinafaa sana.

Matayarisho yaanze mapema. Facebook hairuhusu ukurasa kutangaza moja kwa moja mpaka uwe na wafuasi 100 na umri wa siku 60. YouTube hutaka wafuasi 50 kwa anayetangaza kwa simu, na kibali cha mara ya kwanza huweza kuchukua saa 24. Tena, tangu Februari 2025 Facebook hufuta matangazo hayo baada ya siku 30. Katibu ayahifadhi mapema, maana kumbukumbu za chama ni mali ya chama.

2. Kufundisha

Tuseme tunataka kuwaeleza wanachama Sheria ya Kazi ya tarehe 24 Novemba 2020. Hapa anayehitajika ni msikilizaji. Sura ya msemaji haiongezi kitu. Picha ya kawaida kwa saa moja hula mega 450 hivi, lakini sauti tupu, ikiwa safi ya kutosha, hula mega 30 tu. Kwa mega za mtu mmoja anayetazama, watu 15 wangeweza kusikiliza.

Na wengi hawana simu ya intaneti. Basi simu moja iunganishwe na spika, wanachama wakae pamoja, na mjumbe mmoja akusanye maswali yao. Lugha iwe Kirundi, ambacho kila mmoja anakielewa, na Kiswahili kisaidie panapohitajika.

Saa nayo ipimwe. Kahawa huvunwa tangu Machi hivi hadi Juni, na matunda hutakiwa kumenywa siku ile ile yalipochumwa. Jioni, mtu wa ofisini anapopumzika, wenzetu wa viwanda vya kuoshea kahawa ndiyo kwanza wako kwenye mashine. Kipindi cha moja kwa moja hakitawafikia. Wapelekewe sauti iliyorekodiwa, wasikilize wakati wao.

Kama tunafupisha, tuwe waangalifu. Januari 2016 serikali ya Tanzania ilisimamisha matangazo ya moja kwa moja ya vikao vizima vya Bunge kwenye televisheni ya taifa, TBC, ikitaja gharama. Wapinzani walilalamika kwamba wananchi wananyimwa haki ya kujua. Basi chama kikitoa muhtasari, rekodi nzima ibaki ofisini, na mwanachama yeyote aruhusiwe kuisikiliza.

3. Kushauriana

Matangazo ya wazi ni mabaya kwa mashauri. Sauti huchelewa kwa sekunde kadhaa, wakati mwingine nusu dakika. Swali linafika msemaji ameshapita. Tena wasikilizaji wengi si wasemaji wengi. Kule Kenya, tarehe 5 Julai 2024, baada ya maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, Rais William Ruto alizungumza na vijana kwa sauti kwenye mtandao wa X. Waliosikiliza walikuwa maelfu kwa maelfu. Waliopata kusema walikuwa wachache.

Kwa mashauri tutumie mazungumzo ya kikundi, ya waalikwa tu. WhatsApp huchukua watu 32. Kila tawi litoe mjumbe mmoja, aje na maoni ya wenzake, na arudi kwao na majibu.

4. Kuamua

Hapa tunasema wazi: kamera izimwe. Madai ya mshahara ambayo hayajapelekwa kwa mwajiri, malalamiko juu ya nyapara, na kura ya mgomo si mambo ya kutangaza. Kamera haimtofautishi mwanachama na mpelelezi. Hata kikundi cha waalikwa kinaweza kurekodiwa na mtu mmoja tu. Kibarua wa msimu asiye na mkataba hahitaji kufukuzwa. Inatosha msimu ujao asiitwe. Atakayeonyesha uso wake akinyoosha mkono ndiye atakayelipa gharama.

Maamuzi yafanywe ana kwa ana na kwa kura ya siri, hata kama tutatembea kwa miguu. Simu itumike kuita mkutano, na baadaye kutangaza matokeo bila majina.

Mtandao ukikatika

Tarehe 20 Mei 2020, siku ya uchaguzi mkuu, mitandao kama WhatsApp na Facebook ilizuiwa hapa nchini. Umeme nao hukatika. Tawi lisilo na ubao wa matangazo, namba za simu za wajumbe na mtu wa kupeleka barua litanyamaza siku ile linapohitajika.

Basi kila kamati iandike kwenye karatasi moja: lengo la mkutano, nani asikie na nani asisikie, saa gani, lugha gani, nani apokee maswali, nani ahifadhi rekodi. Pasipo na jibu la lengo, kamera isiwashwe.

Umoja ni nguvu.