Utafiti juu ya wanawake wa Kagera

Utafiti juu ya wanawake wa Kagera ni jumla ya kazi za wataalamu wa sheria, uchumi, historia, akiolojia, afya na taaluma nyingine kuhusu maisha, kazi na haki za wanawake katika mkoa wa Kagera, kaskazini magharibi mwa Tanzania. Kazi hizo hutumika katika masomo ya jinsia vyuoni, kwa sababu zinaonyesha jinsi swali moja linavyoweza kutazamwa na taaluma nyingi.

Wenyeji wengi wa mkoa huo ni Wahaya na Wanyambo. Wanyambo huishi hasa katika wilaya za Karagwe, ambako iko kata ya Chonyonyo, na Kyerwa, iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Jamii hizo hufuata ukoo wa baba, na maisha yao yamejengwa juu ya kibanja, yaani shamba la migomba na mibuni linalozunguka nyumba.

== Masomo ya jinsia vyuoni ==

Katika Afrika Mashariki masomo haya yalikua hasa tangu miaka ya 1980. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, watafiti kama Marjorie Mbilinyi, Ruth Meena, Bertha Koda na Magdalene Ngaiza walichunguza nafasi ya wanawake katika kilimo, elimu na siasa. Mwaka 1991 Koda na Ngaiza walihariri kitabu cha historia za maisha ya wanawake wa Tanzania. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Makerere nchini Uganda kilianzisha idara ya masomo ya wanawake.

Njia yao kuu ilikuwa kuwasikiliza wanawake wenyewe, kwani kumbukumbu za serikali ziliandika zaidi habari za wanaume, ambao ndio waliohesabiwa kuwa wakuu wa kaya.

== Sheria ==

Kesi maarufu zaidi ni ile ya Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory. Holaria alirithi ardhi ya ukoo kwa wosia wa baba yake, na mwaka 1988 aliiuza kwa mtu asiye wa ukoo huo. Ndugu yake wa ukoo alishtaki akidai kwamba, kwa mila za Wahaya, mwanamke anaweza kutumia ardhi ya ukoo lakini hawezi kuiuza. Kanuni hiyo ilikuwa imeandikwa katika Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963.

Mahakama ya mwanzo ilikubali dai hilo, lakini mahakama ya wilaya ya Muleba ililikataa. Mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba mauzo ni halali, kwa sababu Hati ya Haki za Binadamu, iliyoingizwa katika Katiba ya Tanzania mwaka 1984, inakataza ubaguzi.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilitangaza kuwa batili mila yoyote inayomnyima mwanamke umiliki au matumizi ya ardhi. Hata hivyo kanuni za kimila za urithi hazikufutwa zote. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia ubaguzi dhidi ya wanawake iliamua kwamba Tanzania ilivunja haki za wajane wawili walionyimwa urithi kwa kanuni za aina hiyo.

== Uchumi na kilimo ==

Kwa desturi, kahawa na mapato yake vilikuwa mikononi mwa wanaume. Wanawake walipalilia kibanja, kisha wakalima karanga, njugu mawe na mihogo katika rweya, yaani nyika iliyo nje ya vibanja.

Mwaka 1994 mchumi Anna Tibaijuka, mzaliwa wa Muleba, alichapisha utafiti juu ya mgawanyo huo. Alionyesha kwamba kama kazi zisingegawanywa kwa jinsia, mapato ya fedha ya kaya yangeweza kuongezeka hadi asilimia 10. Kwa hiyo mgawanyo huo ni hasara kwa kaya nzima, si kwa wanawake peke yao.

== Historia na akiolojia ==

Mwanahistoria Birgitta Larsson, katika kitabu chake cha mwaka 1991, alieleza jinsi wanawake wa eneo hilo walivyotumia Ukristo na safari za mijini kujipatia uhuru wakati wa ukoloni. David Schoenbrun, kwa kulinganisha maneno ya lugha za Kibantu za Maziwa Makuu, alirudi nyuma zaidi na kuchunguza kilimo na jinsia hadi karne ya 15.

Katika akiolojia, Peter Schmidt alichunguza ufuaji wa chuma wa Wahaya. Tanuri lililinganishwa na tumbo la uzazi, ingawa kazi ya kuyeyusha chuma ilikuwa ya wanaume.

== Afya ==

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Vifo vya waume viliwaacha wajane wengi, na swali la nani atabaki kwenye kibanja likawa zito zaidi. Kuanzia mwaka 1991 hadi 1994 ulifanyika uchunguzi mkubwa wa kaya za Kagera, na watu walewale walifuatiliwa tena mwaka 2004 na 2010, wakiwemo wanawake waliohama kwa ndoa.

== Umuhimu ==

Taaluma hizo hukamilishana. Sheria inaeleza nani ana haki ya kuuza shamba, uchumi unaonyesha nani analilima na nani anapokea fedha, na historia inaonyesha kwamba mila zenyewe zimebadilika mara nyingi.

== Tazama pia ==

* Mkoa wa Kagera
* Wahaya
* Wanyambo
* Anna Tibaijuka