Chumvi inayolia masika: kosa si la kopo

Masika yakiingia, chumvi jikoni huanza kutoa jasho. Wengi hulilaumu kopo. Lakini mara nyingi mkosaji yumo ndani ya chumvi yenyewe, naye ni magnesiamu kloridi.

Chumvi yetu nyingi hutokana na maji ya bahari, kama ile ya mabwawa ya Gongoni, kaskazini mwa Malindi. Jua likikausha maji, chumvi ya kula huganda kwanza. Magnesiamu kloridi hubaki katika maji machungu ya mwisho. Maji hayo yasipomwagwa vizuri, nayo huganda na kuchanganyika na chumvi.

Chembe ya magnesiamu ni ndogo lakini mvuto wake ni mkali. Ikiganda, kila moja hushika molekuli sita za maji ndani ya fuwele. Kwa hivyo kilo moja ya fuwele hizo, japo waziona kavu kabisa, ina zaidi ya nusu kilo ya maji. Kalsiamu kloridi nayo hubeba sita, ndiyo maana ile iliyokaushwa hutumiwa kunyonya unyevu ndani ya makontena. Bariamu, ambayo chembe yake ni kubwa zaidi, hubeba mbili tu. Chumvi ya kula iliyo safi haibebi hata moja.

Hata baada ya sita, magnesiamu kloridi haishibi. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 33 hivi, huendelea kunywa mpaka iyeyuke. Chumvi safi hustahimili hadi asilimia 75. Kwa hewa yetu ya pwani, hiyo 33 huvukwa karibu kila siku.

Je, tuikaushe motoni? Fuwele za magnesiamu kloridi zikichomwa sana, maji hayatoki peke yake. Hutoka pia gesi ya asidi.

Hasara kubwa ni iodini. Chumvi ikichuruzika, iodini huondoka na maji hayo, nayo ndiyo kinga ya rovu na ya ubongo wa mtoto aliye tumboni. Basi usinunue pakiti iliyoloa. Nyumbani, itie chumvi kwenye chombo chenye kifuniko cha kubana, mbali na mvuke wa sufuria, na uichote kwa kijiko kikavu. Chumvi ikiwa bado yalia, jua haikusafishwa vya kutosha. Badilisha aina.