Jeli za vidonda: mzigo wa maji wenye masharti ya kifaa tiba

Wafanyabiashara wanaoagiza vifaa vya hospitali kupitia bandari za Dar es Salaam na Mombasa, pamoja na wasafirishaji wanaovipeleka Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo, wamezoea mizigo ya pamba, gozi na bandeji. Ndani ya kontena hizo hizo sasa huwamo pia jeli za kufunikia vidonda na majeraha ya moto. Kwenye orodha ya mzigo bidhaa zote hizi huweza kuandikwa mstari mmoja, kana kwamba ni ndugu. Lakini gozi huvumilia jua na foleni ya siku kadhaa mpakani. Jeli haivumilii, na ikiharibika mara nyingi haionyeshi kwa nje.

Jeli ya kidonda ni maji yaliyoshikwa ndani ya wavu. Wavu huo ni wa polima, yaani minyororo mirefu ya molekuli iliyofungwa vifundo mithili ya jarife la mvuvi, ila matundu yake ni madogo mno kuonekana kwa macho. Katika bidhaa nyingi za aina hii maji ni asilimia 70 hadi 90 ya uzito, na nyingine huvuka hapo. Zipo zinazokuja kama kipande laini chenye kuonyesha upande wa pili, zipo za kukamuliwa kutoka kwenye tyubu, na zipo zilizolowekwa kwenye gozi. Faida yake kwa mgonjwa inatokana na maji hayo, na hasara ya mfanyabiashara inatoka huko huko.

Kwa muda mrefu iliaminika kwamba kidonda lazima kikauke ndipo kipone. Mwaka 1962 mtafiti wa Uingereza, George Winter, alichapisha katika jarida la Nature matokeo ya majaribio yake kwa nguruwe. Vidonda vilivyofunikwa ili visikauke viliota ngozi mpya takriban mara mbili kwa haraka kuliko vile vilivyoachwa wazi vikafanya kigaga. Seli mpya za ngozi husambaa kwa kutambaa. Kidonda kikikauka, inazibidi zijipenyeze chini ya kigaga kutafuta mahali penye unyevu; kikiwa na unyevu, hupita juu moja kwa moja. Miaka miwili kabla ya hapo, Otto Wichterle na Drahoslav Lím wa Chekoslovakia walikuwa wameeleza katika jarida hilo hilo jeli zinazoweza kukaa mwilini bila kuudhuru. Lenzi laini za macho zilitokana na kazi yao.

Jeli hukipa kidonda kikavu maji. Hulainisha nyama iliyokufa ili mwili uiondoe wenyewe, hupoza, na haigandi kwenye kidonda, hivyo kuibandua hakuchubui ngozi changa. Wauguzi wanajua thamani ya hilo, kwani gozi kavu ikishikana na kidonda, kuibandua ni kukitonesha upya. Kipande cha jeli kwa kawaida hubadilishwa kila baada ya siku moja hadi tatu kutegemea hali ya kidonda, hivyo anayelinganisha bei yake na ya gozi inayobadilishwa kila siku anapaswa kuhesabu pia muda wa muuguzi.

Hata hivyo jeli si ya kila kidonda, na muuzaji anayeinadi kuwa ni dawa ya vyote anajitafutia matatizo. Kidonda kinachotoa majimaji mengi kikiongezewa maji, ngozi ya pembeni hutota, huwa nyeupe na kuchanika. Hicho kinahitaji kitu cha kunyonya, kama sponji maalumu au alijineti inayotokana na mwani wa kahawia. (Mwani unaolimwa Zanzibar ni wa jamii nyingine. Huo hutoa karajinani, inayotumika zaidi kwenye vyakula na dawa za meno.) Kidonda chenye usaha, mguu wa mgonjwa wa kisukari na jeraha la moto lililoingia ndani ni kazi ya daktari kwanza, kisha ndipo aamue kama jeli inafaa.

Kwa madereva na utingo, hasa wa malori ya mafuta, jeli za moto zina maana ya peke yake. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka kisha likalipuka wakati watu wakichota petroli, na zaidi ya watu 100 walifariki dunia. Kwa ajali ya kiwango hicho sanduku la huduma ya kwanza halitoshi. Lakini ajali nyingi za njiani ni ndogo zaidi: maji ya rejeta yanayorukia usoni, bomba la moshi linalounguza mkono, jiko la kupikia kando ya lori. Huduma ya kwanza inayokubalika ni kupoza jeraha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, na kupoza kunasaidia hata kama saa kadhaa zimepita, ilimradi zisizidi tatu. Jeli ya moto ni mbadala pale ambapo maji hayo hayapo, jambo la kawaida katikati ya pori. Haichukui nafasi ya maji yaliyopo. Jeraha likiwa kubwa, au majeruhi akiwa mtoto mdogo, kumfunika sehemu kubwa ya mwili kwa jeli baridi kunaweza kumshusha joto la mwili kupita kiasi. Dawa ya meno, unga na mafuta ya kupikia visipakwe.

Ili kuelewa kwa nini mzigo huu ni dhaifu, inafaa kuangalia unavyotengenezwa. Njia mojawapo inayofahamika sana iliendelezwa nchini Poland katika miaka ya 1980 na Janusz Rosiak na wenzake wa mjini Łódź. Polima, agari na maji huchanganywa, humiminwa kwenye ukungu ambao ndio utakaokuwa pakiti yake, hufungwa, kisha pakiti nzima hupigwa mionzi ya elektroni. Mionzi hufanya kazi mbili kwa mkupuo mmoja: hufunga vifundo vya ule wavu na huua vijidudu vyote vilivyomo. Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki limesaidia kuisambaza teknolojia hiyo katika nchi nyingine.

Kwa msafirishaji maana yake ni kwamba pakiti ni sehemu ya dawa. Kilichomo ndani kilisafishwa pakiti ikiwa imeshafungwa, na tundu dogo kama la sindano linatosha kuufuta usafi huo. Tena kilichomo ni maji, na maji ni makazi ya bakteria. Mwaka 2021 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kuhusu jeli ya altrasaundi iliyokutwa na bakteria wa jamii ya Burkholderia, baada ya wagonjwa kupata maambukizi. Ikiwa jeli ya kupaka juu ya ngozi nzima ilifikisha watu huko, ile inayowekwa kwenye nyama wazi haifai kuchukuliwa kwa wepesi.

Pakiti zenyewe hueleza masharti yake kwa alama ambazo ni zile zile duniani kote. Kipimajoto chenye namba ni mipaka ya joto. Kwenye makasha mengi kikomo cha juu huwa nyuzi 25 au 30. Mwavuli wenye matone maana yake usilowe, na jua ni kwamba usianikwe. Shisha ya mchanga ni tarehe ya mwisho wa matumizi. Namba 2 iliyokatwa mstari inakataza kutumia mara ya pili. Kisanduku kilichopasuka ndani ya duara lenye mkato kinasema pakiti ikiharibika isitumike. Neno STERILE likifuatwa na R ni mionzi, likifuatwa na EO ni gesi. Dereva hahitaji kujua Kiingereza ili kuzisoma alama hizi, anahitaji kuonyeshwa mara moja tu kabla ya safari.

Adui mkubwa wa safari ni joto. Kontena au bodi ya lori iliyofungwa na kuegeshwa juani, iwe Chalinze, Dodoma au Voi, huweza kupita nyuzi 50 ndani. Katika joto hilo maji hutoka kwenye wavu taratibu, huwa mvuke, na usiku hugeuka matone kwenye ukuta wa pakiti. Kipande hubaki chembamba na kigumu pembeni, na gundi ya kingo hulainika. Makasha ya jeli hayafai kukaa juu kabisa chini ya bati, wala chini kabisa. Jeli ni nzito: shehena ya gozi hujaza nafasi kabla ya kufikisha tani, ya jeli hufikisha tani nafasi ikiwa bado ipo, na kasha la chini likibanwa pakiti hupasuka kwenye mshono.

Wapo wanaokimbilia upande wa pili na kuipakia jeli kwenye kontena la baridi kali pamoja na samaki. Ni kosa lile lile. Maji yakiganda hufanya chembe za barafu zinazochana wavu, na jeli nyingi zikiyeyuka huvuja kama sifongo iliyobanwa. Hapa mkanganyiko unatokana na mifuko ya jeli ya kukanda mishtuko ya misuli na viungo, ambayo imetengenezwa ili igandishwe. Hiyo ni bidhaa nyingine kabisa, na haigusi kidonda.

Pakiti zenye hewa ndani zikitoka Pwani kwenda Kigali, iliyo kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, huvimba kidogo kwa sababu mgandamizo wa hewa ya nje umepungua. Kuvimba huko peke yake si ushahidi wa kuoza. Pakiti iliyovimba ikiwa bado Dar es Salaam au Mombasa ndiyo ya kutiliwa shaka.

Kwenye karatasi, neno "jeli" pekee halitoshi kabisa. Bandeji na vifuniko vya vidonda huingia katika kifungu cha forodha 3005: vyenye gundi 3005.10, visivyo na gundi 3005.90. Jeli ya altrasaundi ni 3006.70. Jeli ya nywele ni 3305. Jeli ya kutakasa mikono ni 3808.94, na kwa kuwa ina alkoholi inashika moto, hivyo husafirishwa kama mzigo wa hatari. Anayeandika "jeli, makasha 200" amemwachia ofisa wa forodha achague mwenyewe kati ya vifungu vinne. Jeli za tyubu, na zile zenye madini ya fedha au kiuavijasumu, ndizo zenye ubishi zaidi, maana huweza kuhesabiwa kuwa dawa. Kwa hizo ni salama kuomba uamuzi wa maandishi wa forodha kabla meli haijaondoka.

Kisha kuna mamlaka za dawa. Tanzania ni TMDA, Kenya ni Bodi ya Famasia na Sumu, Uganda ni NDA, Rwanda ni Rwanda FDA, Burundi ni ABREMA, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni ACOREP. Jeli ya kidonda ni kifaa tiba, na Tanzania na Kenya hupanga vifaa tiba katika madaraja A hadi D kwa kadiri ya hatari yake. Usajili wa nchi moja hauvuki mpaka. Bidhaa inayouzwa kihalali Nairobi inaweza kukamatwa ikivushwa Namanga bila kibali cha upande wa pili, hata kama ni katoni tatu ndani ya basi. Utaratibu rahisi wa biashara kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 nao hauokoi hapa: unahusu bidhaa zenye asili ya nchi wanachama, na haumwondolei mtu kibali cha afya.

Ukaguzi ukifika, kasha la nje lifunguliwe, pakiti za ndani zisichanwe. Ofisa akihitaji sampuli achukue pakiti nzima, na idadi pamoja na namba ya toleo viandikwe kwenye fomu inayobaki na dereva. Bila maandishi hayo, mpokeaji wa Goma au Bujumbura atahesabu upungufu kama wizi wa njiani. Duka linalokata kipande kimoja vipande viwili ili kupunguza bei, baada ya mzigo kupita vituo vyote salama, limeuza nusu isiyo safi mara mbili.

Kifaa kidogo cha kurekodi joto kikiwekwa katikati ya shehena humaliza ubishi mwingi kuhusu nani alipe. Kikionyesha nyuzi 48 kwa siku mbili kwenye foleni, mpokeaji ana haki ya kukataa mzigo, na swali linalobaki ni nini mkataba wa usafirishaji ulisema kuhusu kuegesha. Mikataba mingi ya mdomo haikusema kitu. Mzigo uliokataliwa hauuzwi kwa bei ya kutupa sokoni. Huteketezwa chini ya uangalizi wa mamlaka, na gharama za kuteketeza hulipwa na mwenye mzigo.